Trekta ya kukatia nyasi inaishiwa nguvu ikipanda: usikubali ifunguliwe injini kabla ya kupima haya

*"Salaam aleikum fundi. Nasimamia kiwanja cha shule moja huku Mikindani, upande unaoteremka kuelekea mkono wa bahari wa Tudor. Tuna trekta ndogo ya kukatia nyasi, ya petroli, silinda moja, nguvu za farasi 17, giaboksi yake ni ya haidroli. Tuliinunua mtumba kwa mtu wa Limuru wakati wa kiangazi, na nyasi zilipokuwa fupi haikutusumbua. Likizo ya Aprili ikakaa stoo. Sasa masika yamepita, nyasi zimekua, na kila nikitoka chini kupanda kuelekea madarasani, ikifika katikati sauti inashuka, inakohoa, mara nyingine inazimika kabisa. Nikiondoa visu inapata nafuu na inapanda. Kwenye tambarare haina neno. Ikishapata moto ndiyo inazidi. Moshi wa buluu sioni. Tumebadilisha plagi, ile ya zamani mdomo wake ulikuwa mweupe pe. Fundi wa kwanza anasema ringi zimekwisha, tufungue injini. Wa pili anasema mashine ya bara haiwezi joto la Mombasa na hewa nzito ya bahari, tuiuze. Pesa za shule si zangu, naogopa kuzitupa. Nishauri."*

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Pole kwa usumbufu, na ahsante kwa kueleza vizuri hivi. Umetaja mambo ambayo wengi huyaacha, na sehemu kubwa ya jibu imo kwenye maneno yako mwenyewe. Wasiwasi wako naufahamu: mafundi wawili wamekupa mashauri mawili ya gharama, na sioni mahali ulipoandika kwamba kuna aliyepima kitu. Kwa sasa usifuate lolote kati ya hayo mawili. Kwa dalili ulizonipa, injini hii ina njaa. Inapohitaji petroli nyingi haiipati, na mambo yanayoleta njaa ya namna hiyo mengi hutibika kwa bisibisi, dawa ya kusafishia kabureta na asubuhi moja ya utulivu.

Nianze na huo mwinuko wenyewe, maana unalaumiwa bure. Tuseme trekta pamoja na dereva ni kilo 300, mwendo ni kilomita 5 kwa saa, na mwinuko ni wa nyuzi 10. Kuupandisha uzito huo kunataka kama wati 700, yaani haifiki hata nguvu ya farasi mmoja. Ongeza zinazopotea kwenye mikanda na giaboksi, bado hazifiki mbili. Yako ina 17. Kwa hiyo mwinuko wa kiwanja cha shule peke yake hauwezi kuishinda injini iliyo salama. Wanaokula nguvu ni visu: nyasi ndefu, nene, zenye maji ya masika, zinazokatwa kwa upana wa karibu mita moja bila kupumzika. Trekta yako inafanya kazi kwenye tambarare ikiwa tayari imekaribia mwisho wa uwezo wake, nawe hujui kwa sababu haijakohoa. Mwinuko unapoomba hizo nguvu mbili za ziada, hazipo. Ndiyo sababu ukiondoa visu inapumua papo hapo. Ugonjwa inao hata kwenye tambarare.

Sasa hili la joto na hewa nzito ya bahari. Nalisikia sana hapa Pwani, na linaniudhi kwa sababu watu huuza mashine nzima kwa bei ya kutupa wakiliamini. Kweli yake ni kinyume. Injini inaishi kwa hewa, na hewa ikiwa nzito, pistoni kila ikivuta inaingiza oksijeni zaidi. Limuru iko juu zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kule hewa ni nyepesi kwa kama moja ya tano kuliko yetu. Injini ya kawaida ya kabureta hupungukiwa nguvu karibu kwa kadiri hiyohiyo. Joto la Mombasa nalo huifanya hewa iwe nyepesi, lakini kidogo tu: joto likizidi kwa nyuzi 10, hewa inapungua kama asilimia 3, na unyevu unachukua asilimia nyingine chache. Jumlisha, toa, trekta iliyoshuka kutoka Limuru ilitakiwa ifike Mikindani ikiwa na nguvu kuliko ilizokuwa nazo kule.

Ila hapo kuna jambo ambalo huyo fundi wa pili alilikaribia bila kuligusa. Petroli huungua vizuri ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha kama sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Kinachopima petroli kwenye kabureta ni jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Tundu hilo halijui liko Limuru au liko Mikindani. Mashine ikifanya kazi kwenye nyanda za juu kwa jeti ya kawaida, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, moshi unakuwa mweusi, plagi inajaa masizi. Kwa hiyo watengenezaji wengi wa injini ndogo huuza jeti ya nyanda za juu yenye tundu dogo zaidi, na wao hao huonya kwamba ukiishusha mashine bila kurudisha jeti ya kawaida, injini itapata moto na inaweza kuharibika. Kama mwenyewe wa kwanza aliwekewa jeti hiyo, na akakuuzia bila kukumbuka kukwambia, basi hapa kwetu hewa nzito inaingia kwa wingi huku petroli ni ileile ya kubania. Plagi yako nyeupe pe inasema hivyohivyo. Plagi ya injini inayokula vizuri huwa na rangi ya hudhurungi mdomoni. Nyeupe maana yake petroli ni haba na joto ndani ya silinda limepita kiasi.

Sisemi kwamba ni jeti moja kwa moja. Trekta iliyokaa stoo likizo nzima na petroli ndani yake inaweza kukupa dalili hizohizo bila jeti kuwa na kosa lolote. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi mmoja, hasa kwenye joto letu, sehemu yake nyepesi inaruka na inayobaki inaganda kuwa ulimbo kwenye vitundu vya kabureta. Tangi lisilojaa nalo hushika unyevu usiku, maji yanatiririka chini, na maji hayaungui. Kwa hiyo washukiwa ni wengi. Uzuri ni kwamba wote wanakaa kwenye njia moja, kuanzia kifuniko cha tangi mpaka kabureta, na njia hiyo unaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Kabla ya kushika spana, nataka ujue gavana anafanya nini, maana bila hilo vipimo vyote vitakuchanganya. Gavana ni kifaa kinachoilinda injini isibadili mwendo, kwa mashine nyingi za namna hii kwenye mizunguko kama 3,600 kwa dakika ukisukuma mkono wa mwendo mpaka kwenye alama ya sungura. Mzigo ukiongezeka, injini ikitaka kulegea, gavana anafungua mlango wa hewa wa kabureta zaidi, petroli inavutwa zaidi, mwendo unarudi. Ni kama msukuma mkokoteni anayefika kwenye kilima: mwendo wake ni uleule, ila misuli inakaza. Maana yake, injini yenye njaa haionyeshi njaa ikiwa haina mzigo, kwa kuwa mlango umefunguka kidogo tu na petroli kidogo inatosha. Inanguruma vizuri stoo, fundi anaisikiliza dakika mbili, anasema kabureta ni nzima, anahamia kwenye ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni. Kipimo cha njaa lazima kifanywe injini ikiwa na mzigo.

Na hapohapo angalia jambo moja la bure: mkono wa mwendo uko wapi unapokata? Madereva wengi huurudisha nusu wakidhani wanaokoa petroli. Visu vinataka mwendo kamili. Ukiupunguza, unaondoa nguvu na upepo unaopoza injini kwa pamoja. Uache kwenye sungura, na kasi ya magurudumu uipunguze kwa pedeli. Kisha tazama springi na vijiti vya gavana pembeni ya kabureta. Chumvi ya bahari inavila vyuma hivi polepole, na kijiti kilichoshika kutu kinakataa kusogea gavana anapokivuta. Mtu akikaa kwenye kiti na kuwasha visu trekta ikiwa imesimama mahali tambarare, wewe ukiwa pembeni mbali na visu, utaona kijiti kikiruka kidogo kisha kikitulia. Kama hakitikisiki, umepata pa kuanzia.

Nimekusikia ukisema sauti inashuka, na hilo ni muhimu sana kwa wengine watakaosoma hapa. Sauti ya injini ikishuka, nguvu imepotea ndani ya injini au visu vimebanwa. Sauti ikibaki juu ileile lakini magurudumu yanapunguza mwendo, injini haina hatia: tazama mkanda wa kuendeshea kama umeng'aa na kuteleza, tazama kijiti cha nyuma cha kuachia giaboksi kama kimerudi mahali pake sawasawa, kisha fikiria oili ya haidroli, ambayo ikipata moto inakuwa nyepesi na kuvuja ndani kwa ndani, hata trekta ikawa inapanda vizuri asubuhi na kukwama baada ya nusu saa. Na injini ikikatika ghafla kama mtu amezima swichi, kisha ikashika tena, shuku swichi ya usalama chini ya kiti. Mwili wako unapoinama mbele wakati wa kupanda, kiti kinapungukiwa uzito, swichi inakata moto. Yako haifanani na hizi. Yako inakohoa na kulegea, kwa hiyo turudi kwenye petroli.

Jambo lingine ulilolitaja bila kujua uzito wake: trekta inaanza vizuri chini, inalegea katikati. Kwenye trekta nyingi ndogo tangi liko nyuma chini ya kiti, injini iko mbele. Kati yake pana kama mita moja. Ukipanda mwinuko wa nyuzi 10, kabureta inapanda kama sentimita 17 zaidi juu ya tangi kuliko ilivyokuwa kwenye tambarare. Pampu ndogo ya petroli, ile inayosukumwa na pumzi ya injini yenyewe kupitia mpira mwembamba, ikiwa nzima huo si umbali kwake. Ikiwa ngozi yake ya ndani imechoka, au mpira una ufa, au filta imeziba, inashindwa. Lakini haishindwi papo hapo. Kabureta ina bakuli lake lenye akiba, na injini inakunywa akiba hiyo kwanza. Ndiyo hiyo safari ya kutoka chini hadi katikati. Bakuli likikauka, inakohoa. Jeti ndogo haifanyi hivyo. Yenye jeti ndogo inakuwa dhaifu tangu nyasi nene za mwanzo. Kwa hiyo jiulize: ikishakohoa ukairudisha tambarare, ukaiacha ingurume dakika moja bila visu, inarudi na nguvu zote kisha inalegea tena baada ya mwendo uleule? Kama ndivyo, njia ya petroli ndiyo mshukiwa wa kwanza, na jeti inafuata.

Fanya hivi. Vipimo vya mzigo vifanye kwenye tambarare yenye nyasi nene, si kwenye mwinuko. Shusha visu chini kidogo, kata mpaka injini ianze kulegea. Hapo vuta choki nusu. Choki inapunguza hewa na kuongeza petroli. Injini ikikaza ghafla na kupata nguvu, njaa ya petroli imethibitika na habari ya ringi tuiache. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, basi petroli ilikuwa inatosha au imezidi. Tazama filta ya hewa kwanza, maana iliyojaa vumbi na nyuzi za nyasi inafanya hivyo. Isipobadilika kitu, tutazungumza huko chini habari ya cheche ya plagi na ya valvu, ile milango ya silinda ya kuingizia hewa na kutolea moshi.

Cha pili ni kifuniko cha tangi. Kina kitundu cha kupitisha hewa ili petroli ikipungua hewa iingie badala yake. Kikiziba, tangi linajibana na petroli inakataa kutoka. Nyigu na vumbi la matumbawe wanavipenda sana vitundu hivi. Injini ikikohoa, izime, teremka, subiri bomba la moshi lipoe kidogo, kisha fungua kifuniko taratibu ukiwa umekaribia kusikia. Ukisikia "fyuu" ya hewa kuingia, umeshapata ugonjwa wa bei ya kifuniko.

Cha tatu, filta ya petroli na mpira wake. Filta ni kitu kidogo cha bei nafuu; badilisha bila kujadiliana, ukitazama mshale uelekee kwenye injini. Injini ikiwa baridi kabisa, mahali penye upepo, bila sigara wala jiko karibu, chomoa mpira upande wa kabureta, uingize kwenye chupa inayoonyesha ndani, na uchomoe waya wa plagi kisha uuweke kwenye bodi ili injini isiwake. Mtu azungushe ufunguo sekunde chache. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikidondoka tone tone, pampu au mpira wake umeshakuambia. Chupa iache itulie robo saa: maji yakiwamo utayaona chini, mstari uko wazi kabisa, na hapo utamwaga tangi zima.

Ukishamaliza hayo ndipo ufungue bakuli la kabureta. Kwa injini nyingi za silinda moja ni boliti moja tu chini yake. Weka kopo, fungua, lishushe bakuli taratibu bila kulimwaga, ulipeleke kwenye mwanga. Hapa nataka utazame kwa makini. Bakuli zuri ni safi, linang'aa. Bakuli la mashine iliyolala na petroli lina ukoko wa hudhurungi pembeni, na mara nyingi kwetu Pwani utakuta pia unga mweupe au wa kijivu uliotulia katikati, mwororo ukiusugua kwa kidole, na ukijani kwenye shaba. Huo unga ni aluminiamu iliyoliwa na maji. Punje moja yake ikikaa kwenye jeti, inafunga nusu ya tundu pale tu petroli inapovutwa kwa nguvu, kisha inadondoka injini ikitulia. Ndiyo maana mashine inakuwa nzima ukiitazama na mgonjwa ukiipa kazi. Fungua jeti kwa bisibisi inayokaa sawasawa, nyunyizia dawa ya kabureta, ielekeze kwenye jua. Tundu lionekane duara kamili. Usilichokonoe kwa waya wala sindano: ni tundu lililopimwa, na mkwaruzo mmoja unalipanua. Uzi wa plastiki wa kuvulia samaki unatosha.

Kabla ya kuirudisha, soma namba iliyopigwa kwenye jeti. Kisha tafuta namba ya modeli ya injini, siyo ya trekta. Huwa imepigwa kwenye chuma cha kifuniko cha feni au juu ya kifuniko cha valvu. Kwa namba hiyo, muuza spea atakuambia jeti ya kawaida ni namba gani. Zikitofautiana, na yako ni ndogo, umepata mzigo ulioletwa kutoka Limuru. Nunua jeti, weka gasketi mpya ya bakuli, na uhakikishe pia boliti zinazoshika kabureta kwenye injini zimekaza. Hewa ya wizi ikiingia kwenye gasketi hiyo inaleta njaa ileile, na plagi nyeupe ileile.

Kwenye visu sitakaa sana, ingawa ndiko nafuu ya haraka iliko. Noa kwa tupa, vifungwe upande wake sahihi, kwangua matope ya nyasi yaliyogandamana chini ya boksi la visu, na uzungushe kila kimoja kwa mkono, waya wa plagi ukiwa umechomolewa, usikilize beringi. Usikate nyasi zikiwa na umande. Zikiwa zimekua sana, kata mara mbili: mara ya kwanza juu, siku ya pili chini.

Sasa ringi. Fundi wako wa kwanza hakusema jambo lisilowezekana, ila alisema kabla ya wakati wake. Ringi zikiisha, injini inakula oili na kutoa moshi wa buluu, plagi inakuwa nyeusi yenye mafuta, na petroli na moshi vinapenya hadi kwenye oili. Wewe huna moshi, na plagi ni kavu nyeupe. Akitaka kupima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kwa geji, ajue kwamba injini nyingi ndogo zina kifaa cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, kwa hiyo namba ya geji itakuwa ndogo hata injini ikiwa nzima. Kipimo cha haki ni cha kuingiza hewa ya kompresa kwenye silinda na kusikiliza inavujia wapi: ikitokea kwenye kabureta au bomba la moshi ni valvu, ikitokea kwenye tundu la oili ni ringi.

Kinachonitia hofu mimi ni valvu kuliko ringi. Injini iliyokatia nyasi kwa wiki nyingi na njaa ya petroli inachemka kupita kiasi, na valvu ya moshi ndiyo inayoumia kwanza. Nafasi yake inapotea, haifungi sawasawa ikiwa na moto, na nguvu inavuja. Hii nayo ingeeleza kwa nini ikipata moto inazidi. Ukishatibu petroli, mwambie fundi apime nafasi za valvu injini ikiwa baridi, kwa vipimo vya kitabu cha injini hiyo. Ni kazi ya kufungua kifuniko kimoja. Siku hiyohiyo vueni kifuniko cha feni mtazame mapezi ya kupozea: nyasi zikijazana humo, silinda inapikika hata kabureta ikiwa mpya. Na koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche ya plagi, pia huweza kufa ikipata moto na kufufuka ikipoa. Ukipima plagi mara tu injini inapozimika na ukakosa cheche, shuku koili.

Oili iwe kwenye alama, ukipima trekta ikiwa tambarare. Kwa joto letu, SAE 30 inafaa injini nyingi za aina hii. Hakikisha kwenye kitabu. Ikipungua, kwenye mwinuko oili inakimbilia upande mmoja na vyuma vinabaki vikavu. Ukichomoa kijiti cha oili ukasikia harufu ya petroli, usiwashe. Sindano ya floti, ile inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, inavujisha, petroli imeingia kwenye oili, na injini ikizungushwa hivyo inasagika.

Unaweza kuniuliza: nikate vipi wakati nasubiri spea? Unaweza kupanda bila visu na kukata ukishuka taratibu, visu vikiwa juu. Itakusogeza wiki moja, lakini njaa inaendelea kuichemsha injini, kwa hiyo usiifanye kuwa desturi. Kuuza ningekushauri endapo tu kipimo cha hewa kitaonyesha ringi na silinda zote zimekwenda, na gharama ya kutengeneza imekaribia bei ya trekta nyingine. Hujafika huko.

Na kabla ya yote, pima mwinuko wenyewe. Vitabu vingi vya trekta hizi vinakataza kukata kwenye mwinuko unaozidi nyuzi 15. Chukua ubao wa mita moja, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, uweke sawa kwa pima maji, kisha pima umbali kutoka ncha ya pili, iliyo upande wa chini, hadi ardhini. Ukizidi sentimita 27, sehemu hiyo ikatwe kwa mkono, hata trekta ikipona. Palipo chini ya hapo, kata kwa kupanda na kushuka, kamwe usikate kwa kukingama, wala usigeuze katikati ya mwinuko. Injini ikizimika ukiwa unapanda, kanyaga breki, zima visu, rudi nyuma moja kwa moja polepole. Wengi hupinduka wanapojaribu kugeuza. Na wanafunzi wasiwe kiwanjani kazi ikiendelea, hata waliokaa mbali kwenye kivuli, kwa sababu kisu kinaweza kurusha jiwe la matumbawe mbali sana.

Ipeleke trekta kwa fundi, bila kuendelea kujaribu, ukisikia vyuma vikigongana ndani ya injini, ukiona petroli inavuja popote, oili ikinuka petroli, au choki na filta vyote visipobadilisha kitu. Mombasa hatuna uhaba wa watu wanaojua kabureta: tafuta anayetengeneza mashine za boti au jenereta, kwa kuwa kila siku anashindana na chumvi na petroli iliyolala. Mwulize kwanza kama ana kifaa cha kupima uvujaji wa hewa kwenye silinda. Asipokuwa nacho, anaweza kukusafishia kabureta, ila usimruhusu afungue injini. Mpelekee namba ya modeli ya injini, namba ya jeti uliyoisoma, ile plagi ya zamani kama bado hujaitupa, na mwambie choki ilifanya nini ulipoivuta kwenye nyasi nene.